Shajara ya mradi: kupima mipito ya sayari majitu kwa darubini ya sentimita 20

Mahali pa kazi ni Bonde la Ufa, kusini kidogo mwa ikweta, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kazi yenyewe ni kupima ni saa ngapi hasa sayari jitu inapita mbele ya nyota yake, na kuukabidhi wakati huo kwa watakaoutumia. Kuuona mwanga wa nyota ukishuka ndiyo sehemu nyepesi. Sehemu nzito ni mbili: kuhakikisha kwamba kilichoziba mwanga ni sayari kweli, na kuwa na saa isiyodanganya.

Novemba, wiki ya 1: kwa nini majitu ya karibu

Mvua za vuli hazijaacha mwanya, kwa hiyo darubini iko ndani na kazi yote ni ya mezani.

Mshtarii wetu huchukua karibu miaka 12 kulizunguka Jua mara moja. Sayari tunazozifuata zina ukubwa kama huo au zaidi, lakini mwaka wake ni siku 1, 2 au 3. Mojawapo, WASP-43b, humaliza mzunguko kwa saa 19 na dakika 31 tu. Ukaribu huo ndio unaotuwezesha. Mpito haungojwi miaka: ukikosa wa leo kwa mawingu, upo mwingine baada ya siku chache. Halafu nafasi ya obiti kulala sawasawa, hata sayari ikapita kati yetu na nyota, ni takriban nusu-kipenyo cha nyota ukikigawanya kwa umbali wa sayari. Kwa majitu haya hufika asilimia 10 hivi. Kwa sayari iliyo mbali kama Dunia haifiki hata nusu asilimia. Na kina cha mpito ni mraba wa uwiano wa vipenyo. Mshtarii una upana wa sehemu 1 ya 10 ya Jua, kwa hiyo huziba asilimia 1 ya mwanga wake. Dunia ingeziba chini ya asilimia 0.01, na hapo darubini ya ardhini ya kiasi chetu haina la kufanya.

Majitu haya si mengi. Kati ya nyota zinazofanana na Jua, ni kama 1 kwa kila 100 au 200 yenye jitu la karibu. Ukizidisha na ile asilimia 10 ya obiti kulala vizuri, unabaki na nyota 1 kwa kila 1,000 au 2,000 ambayo mpito wake unaweza kuonekana. Ndiyo maana mradi wa WASP, uliozigundua sayari zenye jina hilo, haukujenga darubini kubwa. Uliweka kamera 8 pamoja kwenye stendi moja, kila kamera ikiwa na lenzi ya kupigia picha ya Canon ya milimita 200, zikatazama eneo pana la anga kutoka kisiwa cha La Palma na kutoka Sutherland, Afrika Kusini. Anayesaka kitu adimu hivyo hutandaza wavu mpana.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini ugunduzi ulichelewa. Otto Struve aliandika tangu 1952 kwamba sayari jitu inaweza kuwa karibu sana na nyota yake, na kwamba ingepatikana kwa mwendo wa nyota inayoyumbishwa na sayari au kwa kupatwa kwake. Kundi la Kanada la Gordon Walker na Bruce Campbell lilipima mwendo wa nyota 21 kwa miaka 12 bila kuona jitu hata moja. Kwa uwiano wa 1 kwa 100, nyota 21 zina nafasi ya asilimia 81 ya kutokuwa na lolote kati yao. Kazi yao ilikuwa safi. Nyota ndizo zilikuwa chache. Michel Mayor na Didier Queloz walianza na nyota 142, kwa spektrografu ya ELODIE (kifaa kinachochambua mwanga wa nyota ili kupima mwendo wake) kwenye darubini ya mita 1.93 ya Haute-Provence, Ufaransa, na Oktoba 1995 wakatangaza sayari ya nyota 51 Pegasi yenye mzunguko wa siku 4.23. Miaka 4 baadaye David Charbonneau na wenzake waliona mpito wa sayari HD 209458b kwa kifaa chenye mlango wa mwanga wa sentimita 10 tu, huko Boulder, Colorado. Sentimita 20 zetu zinatosha.

Novemba, wiki ya 3: kujizoeza kwa data za TESS

Kabla ya kuielekeza darubini angani, mkono unapaswa kuzoea data ambayo jibu lake linajulikana. TESS, satelaiti ya NASA ya kusaka mipito iliyorushwa 2018, ina kamera 4 zenye mlango wa sentimita 10.5 kila moja, na data zake ni za bure kwa yeyote. Tumepakua nyota WASP-18, sekta (kipande cha anga ambacho TESS hukitazama kwa zamu) ya 2 na ya 3, kipimo kimoja kwa kila dakika 2. Sayari yake ina uzito wa Mshtarii 10 hivi, kipindi (muda wa mzunguko mmoja) cha siku 0.9415, mpito wa saa 2.2 na kina cha karibu asilimia 0.95.

Hatua ni hizi: kutupa nukta zenye alama ya ubora mbaya, kusawazisha mawimbi ya polepole ya kifaa, kisha kupitisha BLS, ile njia ya kutafuta mashimo ya umbo la sanduku yanayojirudia. Programu ni lightkurve ya Python.

Mara ya kwanza kina kilitoka kidogo mno. Sababu ilikuwa dirisha la kusawazishia. Lightkurve, usipoiambia kitu, hutumia nukta 101. Kwa kipimo cha dakika 2 hizo ni saa 3.4, na mpito wenyewe ni saa 2.2. Dirisha fupi hivyo huuchukulia mpito kama wimbi la kifaa na kuufuta sehemu. Kanuni tunayoifuata sasa: dirisha lisipungue mara 3 ya urefu wa mpito, na mipito inayojulikana ifichwe kwanza wakati wa kusawazisha. Tumetumia nukta 721, yaani siku nzima (idadi lazima iwe witiri), na kina kimerudi mahali pake.

BLS tuliipa vipindi vya siku 0.5 hadi 10. Kilele kikubwa kilitoka 0.9415, na kingine kwenye 1.883, mara mbili yake. Vilele vya namna hiyo hutokea daima, na si haki kuchagua kwa macho. Tenga mipito ya namba witiri na ya namba shufwa, upime kina cha kila kundi. Vina vikilingana, kipindi kifupi ndicho. Vikitofautiana, kipindi halisi ni kile kirefu, na hapo mara nyingi unatazama nyota mbili zinazokingamana kwa zamu, wala si sayari.

Baada ya kukunja mizunguko yote ikawa mmoja, katikati ya mpito na mpito kulibaki kishimo kidogo sana, kama sehemu 340 kwa milioni. Hapo ndipo sayari inapojificha nyuma ya nyota na mwanga wa upande wake wa mchana unapotea. Kuona joto la sayari iliyo nje ya mfumo wetu likizimika na kurudi, kwa data za bure, kwenye kompyuta ya mezani! Kwa jambo hilo peke yake wiki mbili hizi hazikupotea.

Jambo moja la kukumbuka kwa atakayeifuata WASP-18b kutoka ardhini: mpito wake hutangulia kwa dakika 84 kila siku. Utauona usiku kadhaa mfululizo, kisha unahamia mchana, na mzunguko huo wa kuonekana na kupotea huchukua siku 16 hivi. Ukiwa na kituo kimoja tu, panga mapema.

Desemba: kushuka kwa asilimia 1 si sayari bado

Sehemu hii tumeikalia kuliko zote.

Pikseli moja ya TESS inafunika sekunde-tao 21 (sekunde-tao ni sehemu 1 ya 3,600 ya digrii, dakika-tao ni 60 kati yake). Ndani ya eneo la kupimia nyota moja huingia majirani. Chukua jirani aliye hafifu mara 40 kuliko nyota yako. Akiwa ni nyota pacha zinazokingamana, na mwanga wake ukashuka kwa asilimia 40 wakati wa kupatwa, mwanga wa jumla unashuka kwa asilimia 1. Kwenye grafu ya TESS hicho ni kina cha Mshtarii. Hakuna sayari yoyote hapo.

Darubini yetu ina sekunde-tao 0.78 kwa pikseli, kwa hiyo inawatenganisha majirani ambao TESS inawaona kama kitu kimoja. Kwa maoni yetu, hii ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote kwa darubini ndogo. Utaratibu: orodhesha nyota zote zilizo ndani ya dakika-tao 2.5 ya mteule, yaani nyota inayodhaniwa kuwa na sayari. Kwa kila moja, zidisha kina kilichoonekana kwa idadi ya mara ambazo ni hafifu. Hicho ndicho kina ambacho jirani huyo angehitaji kuwa nacho. Aliye hafifu zaidi ya mara 100 hawezi kuleta asilimia 1 hata akizimika kabisa, kwa hiyo anaondolewa bila kupimwa. Waliobaki unawapima mmoja mmoja usiku wa mpito. Jirani akishuka kwa asilimia 40, kesi imekwisha. Wote wakitulia na mteule mwenyewe akishuka kwa asilimia 1 kwa saa iliyotabiriwa, amevuka kizingiti cha kwanza.

Cha kwanza tu. Nyota mbili zinazogusana pembeni hutoa mpito wenye umbo la V badala ya sahani yenye kitako bapa. Sayari nayo ikipita ukingoni hutoa V, kwa hiyo umbo ni ushahidi, si hukumu. Urefu wa mpito nao unasema: kwa nyota kama Jua na kipindi cha siku 3, tarajia saa 2.6 hivi. Ukiona saa 8, nyota imevimba, na kitu kinachoziba asilimia 1 ya nyota iliyovimba kinaweza kuwa nyota kamili. Pima pia kwa vichujio viwili, bluu na nyekundu. Sayari haina mwanga wa maana wake yenyewe, hivyo kina hubaki karibu kilekile; nyota ya rangi nyingine ikiwa imechanganyika humo, kina hubadilika.

Na hata baada ya yote hayo, mpito hukupa upana tu, haukupi uzito. Kibete cha kahawia, kitu kilicho kati ya sayari na nyota, chenye uzito wa Mshtarii 50 kina upana wa karibu Mshtarii mmoja. HD 209458b na WASP-18b hutofautiana kidogo kwa upana, lakini ya kwanza ina uzito wa Mshtarii 0.69 na ya pili 10. Anayezitenganisha ni mwenye spektrografu: HD 209458b huiyumbisha nyota yake kwa mita 85 hivi kwa sekunde, WASP-18b kwa kilomita 1.8 kwa sekunde. Sisi hatuna kifaa hicho, na kwa hiyo katika shajara hii neno "sayari" litatumika kwa zile tu ambazo uzito wake umeshapimwa. Nyingine ni wateule.

Januari, wiki ya 1: vifaa na ncha ya anga iliyolala chini

Kiangazi kimeingia. Darubini ni ya Newton, kioo milimita 200, urefu wa fokasi milimita 1,000. Kamera ni ya rangi moja yenye kipozeo, kihisi cha IMX533: pikseli 3,008 kwa 3,008, kila moja maikromita 3.76. Picha inafunika dakika-tao 39 kila upande, pana kuliko Mwezi mpevu, na upana huo unahitajika ili kupata nyota za kulinganishia. Kichujio ni chekundu, kwa sababu hewa huusumbua mwanga mwekundu kidogo kuliko wa bluu.

Stendi za kufuatilia anga zimetengenezwa zaidi kwa watu wa Ulaya na Marekani, ambao ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka, iko juu nusu ya njia. Kwetu ncha iko digrii 1 juu ya upeo wa macho, nyuma ya miti na ukungu. Mhimili wa stendi lazima ulazwe karibu bapa, na hapo fimbo ya uzani inashuka moja kwa moja kwenye mguu wa stendi. Iligonga kabisa darubini ilipogeuzwa upande wa magharibi. Tumeongeza nguzo ya sentimita 30 kati ya miguu na kichwa, na tumeizungusha miguu ili pengo, si mguu, liwe upande wa fimbo. Kabla ya kila usiku fimbo inazungushwa kwa mkono mzunguko mzima, mota zikiwa zimezimwa.

Kwa kuwa nyota ya ncha haionekani, mhimili unanyooshwa kwa kuangalia nyota zinavyoteleza: kwanza nyota iliyo juu kwenye mstari wa kaskazini hadi kusini, kisha nyota iliyo chini upande wa mashariki. Tusiridhike mapema. Mhimili ukikosea kidogo, kamera ya kufuatilia itaishika nyota moja vizuri, lakini picha nzima itajizungusha polepole kuizunguka nyota hiyo, na baada ya saa 5 nyota za pembeni zitakuwa zimehamia pikseli nyingine.

Umeme, kwa volti 12: stendi ampea 1.5, kamera na kipozeo 2.5, kompyuta ndogo 2, mkanda wa joto wa kuzuia umande 1. Jumla ampea 7, yaani ampea-saa 35 kwa usiku wa saa 5. Betri ya asidi ya ampea-saa 70 ingefika nusu, na chini ya hapo inaharibika. Tunatumia ya lithiamu-fosfeti ya ampea-saa 50. Kipozeo kimewekwa nyuzi 5 chini ya sufuri. Ukikitaka kifike nyuzi 15 chini ya sufuri usiku wa joto kitafanya kazi kwa nguvu zote na joto litayumba, na kihisi kinachoyumba ni kibaya kuliko kihisi cha joto kidogo.

Flati, yaani picha za uso ulioangazwa sawasawa, tunazipiga kwa paneli ya taa. Machweo ya ikweta ni mafupi. Anga lenye mwanga wa kufaa linakupita ukiwa bado unarekebisha muda. Tunapiga 30, mwanga ukiwa nusu ya kiwango cha kujaa. Baada ya hapo kamera haiguswi wala kuzungushwa mpaka asubuhi. Punje moja ya vumbi kwenye kichujio huacha kivuli cha duara kwenye picha, na nyota ikipita ukingoni mwa kivuli hicho hutoa mpito wa uongo.

Januari, wiki ya 2: saa

Wiki nzima imekwenda kwenye saa, na haikupotea.

Mpito wa WASP-43b hutokea mara 449 kwa mwaka. Kipindi kikikosewa kwa sekunde 1, ratiba ya mwaka mmoja mbele imekosea kwa dakika 7 na nusu. Watakaotumia darubini kubwa za angani hulipia kila dakika. Ariel, darubini ambayo shirika la anga la Ulaya linaiandaa ili kuchunguza angahewa za sayari 1,000 hivi, inahitaji ratiba zilizo hai. Mtandao wa ExoClock hukusanya vipimo vya darubini ndogo kwa ajili hiyo. Tena ipo WASP-12b, ambayo kipindi chake hupungua kwa karibu milisekunde 29 kwa mwaka kwa sababu inajongea ndani kuelekea nyota yake. Kwa mwaka mmoja huoni kitu. Kwa miaka 10 mpito umetangulia kwa dakika 8 hivi, na hilo darubini ya sentimita 20 inalipima.

Sasa, kwetu wakati hupitia milango minne. Mtu anasema saa nne na robo usiku. Simu inaandika 22:15. Saa ya dunia ni 19:15. Na mpito unaandikwa kwa siku za Julian, hesabu ya siku mfululizo ya wanaanga, ambazo huanza saa sita mchana ya Greenwich, yaani saa tisa alasiri kwetu. Jambo jema ni kwamba tarehe ya Julian haibadiliki katikati ya usiku. Jambo baya ni kwamba kosa la saa 3 kamili linaingia kimya kimya: programu ya kamera iliandika saa za Afrika Mashariki mahali panapotakiwa saa ya dunia. Kompyuta yote sasa imewekwa kwenye saa ya dunia, na kwenye daftari tunaandika namba hizo tu.

Makosa mengine ni madogo kwa umbo, makubwa kwa athari. Picha ya sekunde 60 huandikwa wakati ilipoanza, lakini mwanga wake ni wa katikati: ongeza sekunde 30. Kutoka saa ya dunia kwenda TDB, wakati sare wa mahesabu ya anga: ongeza sekunde 69.2. Kisha safari ya mwanga: nyota ikiwa upande wa pili wa Jua au upande wetu, mwanga hutufikia kwa kuchelewa au mapema, hadi dakika 8.3, kwa hiyo kila kitu hurejeshwa kwenye kitovu cha uzito cha mfumo wa Jua. Kwa WASP-43 mwanzoni mwa Machi rekebisho hilo ni kama dakika 7.9. Ukisahau yote matatu umekosea kwa dakika 9 na nusu, na grafu yako itakuwa nzuri bila dosari. Hili ndilo linalotutia hofu: kosa la saa halionekani kwenye picha wala kwenye mstari.

Kompyuta isiyo na intaneti huteleza sekunde kadhaa kwa siku. Tumeunganisha kipokezi cha GPS kwa USB, na kila baada ya dakika 10 programu inaandika tofauti ya saa kwenye faili. Usiku ambao faili hiyo haipo, vipimo havitumwi.

Januari, wiki ya 4: WASP-121b

Nyota ya daraja la mwangaza 10.4 (namba ikikua, nyota ni hafifu zaidi), kina karibu asilimia 1.55, mpito wa saa 2 na dakika 53, kipindi siku 1.2749. Mizunguko 11 ni siku 14 na dakika 35, kwa hiyo ukiipata usiku mmoja, baada ya wiki mbili iko tena karibu saa ileile. Saa 1 kabla na saa 1 baada ya mpito ni lazima. Bila pande hizo hujui usawa uko wapi. Jumla karibu saa 5, picha 300 za sekunde 60, megabaiti 18 kila moja, gigabaiti 5.4.

Hesabu ya kelele, yaani kuyumba kwa vipimo: kumetameta kwa nyota, kwa kioo hiki na mwinuko huu, ni kama asilimia 0.12 kwa picha ya dakika 1. Chembe za mwanga zenyewe huongeza asilimia 0.14 hivi. Pamoja hufika asilimia 0.18, karibu sehemu 1 ya 8 ya kina.

Fokasi imeachwa nje kidogo kwa makusudi, nyota ikaenea pikseli 8 badala ya 4. Mwanga ukitawanyika hivyo, tofauti ndogo za pikseli moja na nyingine hupoozana, na hakuna pikseli inayojaa. Tunakaa chini ya asilimia 70 ya kujaa.

Kilichoharibika: stendi ilipinduka kuvuka mstari wa kaskazini na kusini katikati ya mpito, kama stendi hizi zinavyolazimika, na nyota ikahamia upande wa pili wa kihisi. Grafu ikapata ngazi. Unaweza kuirekebisha kwa hesabu, lakini ngazi iliyo ndani ya mpito hula kina na wakati vyote pamoja. Mpito wa pili tulichagua ule ambao kupinduka kunaangukia saa ya utangulizi. Mteremko wa kuingia ulitoka safi, kitako chake cha mviringo kikionekana kwa macho, kwa kuwa nyota ni angavu zaidi katikati kuliko ukingoni.

Februari, wiki ya 2 na ya 3: WASP-43b

Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa anayeanza karibu na ikweta. Kutoka hapa hupita digrii 9 tu kutoka utosini, hewa ikiwa nyembamba kabisa. Mpito ni wa dakika 70, kina asilimia 2.5, kwa hiyo usiku mzima wa kazi ni chini ya saa 3. Nyota ni ya daraja 12.4, nyekundu na ndogo, theluthi mbili ya upana wa Jua.

Wekundu huo ndio uliotuletea taabu. Nyota za kulinganishia za mwanzo zilichaguliwa kwa mwangaza tu, na mbili kati yake zilikuwa za bluu. Kadiri nyota zilivyoshuka magharibi, hewa ilikula mwanga wa bluu zaidi kuliko mwekundu, na grafu yote ikainama kama paa. Mpito juu ya paa lililoinama hutoa wakati uliosogea. Tumechagua upya nyota 5 zenye rangi inayokaribiana na ya WASP-43, na kila moja imepimwa dhidi ya nyingine 4 kwanza, kwa sababu nyota ya kulinganishia nayo inaweza kuwa yenye kubadilika. Moja imetupwa kwa sababu hiyo. Mwinamo umebaki mdogo, wa kuondolewa kwa mstari mnyoofu.

Duara la kupimia: tumejaribu nusu-kipenyo cha pikseli 6 hadi 16, tukachukua lenye mtawanyiko mdogo kwenye sehemu zisizo na mpito, pikseli 10. Usichague duara kwa kuangalia mpito unavyopendeza, utajidanganya. Kazi imefanywa kwa programu ya HOPS, kisha ikarudiwa kwa AstroImageJ. Programu mbili zikipingana kwa zaidi ya kosa lake, kuna jambo kwenye picha.

Kwa kelele ya asilimia 0.35 kwa kila picha, hesabu inatoa kosa la wakati la sekunde 20 hivi. Mabaki kwenye grafu yanaonyesha mawimbi ya dakika 15 hadi 20, kelele yenye kumbukumbu, ambayo haipungui kwa wingi wa picha. Kwa hiyo kosa tunaloandika ni mara mbili ya hilo. Kuandika sekunde 20 kungependeza zaidi, lakini atakayejenga ratiba juu yake angeumia.

Machi, wiki ya 3: mawingu ya masika

Mawingu membamba yaliyotanda sawa hayana neno, kwa maana nyota na za kulinganishia hufifia pamoja. Yanayoharibu ni ya mabonge, yanayopita juu ya nyota moja na kuiacha nyingine. Kanuni tuliyoiandika ukutani: mwanga wa nyota za kulinganishia ukishuka chini ya asilimia 70 ya kiwango cha usiku huo, picha inatupwa, hata ikiwa ndani ya mpito.

Kioo kimefunikwa, betri imeachwa nusu chaji, flati na faili za saa zimenakiliwa mara mbili.

Kinachofuata ni Julai, HD 189733b: kina asilimia 2.4, mpito wa saa 1.8, kipindi siku 2.2186. Nyota ni ya daraja 7.67, angavu mno kwa picha ya sekunde 60. Mpango ni picha za sekunde 10, fokasi nje hadi nyota iwe pete ya pikseli 25, na kuzikusanya sita sita ili kumetameta kupoe. Nyota yenyewe ina madoa; ikitokea sayari ikapita juu ya doa, kitako cha mpito kitainuka kidogo, na picha hizo hazitatupwa. Nyota za kulinganishia zenye mwangaza wa karibu ni chache, kwa hiyo kabla ya Juni kamera itazungushwa kwenye mrija mpaka pembe ya picha izikusanye zote, kisha skrubu ikazwe na alama ya rangi iwekwe.